Bibi wa Rumonge kwenye Meza ya Waitalia

Bibi akiagwa Rumonge, Burundi, kwenda Italia kumlea mjukuu, kila anayekuja kumuaga ana neno juu ya baridi. Huyu kaleta sweta, yule soksi, mwingine anamsisitiza asiipoteze pasipoti. Habari ya chakula haitajwi, kana kwamba tumbo la bibi litabaki huku ziwani. Kumbe huko aendako siku nzima itazunguka chakula: cha mtoto, chake mwenyewe, na cha wazazi wanaorudi jioni hoi. Makala hii nawaandikia bibi huyo na mwanawe anayemkatia tiketi.

Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote ni matawi yake: sahani ya bibi na sahani ya mtoto zitengwe, na zote mbili zijae. Nasema hivi kwa sababu kuna makosa mawili yanayotembea pamoja. La kwanza ni bibi kumlisha mjukuu kutoka sahani yake, kwa mapenzi tu, kijiko hiki cha mchuzi na kipande hiki cha jibini. La pili ni bibi kushinda na chai na mkate kwa kuwa vyakula vya ugenini anavishuku, au kwa kuwa anaona haya kujipakulia katika nyumba ya mkwe. Mlezi mwenye njaa mikono humtetemeka, hasira huwa karibu, na usingizi humchukua huku mtoto yuko mapajani.

Tuanze na wakati wa kwenda. Wengi humtaka bibi afike siku za uzazi, na mila zetu zinaelekea huko. Lakini angalieni hesabu. Sheria ya Italia humpa mama aliyeajiriwa likizo ya lazima ya miezi 5, na kwa kawaida miezi 2 kati ya hiyo huwa imekwisha kabla hajajifungua. Viza ya kutembea katika nchi za Schengen nayo humpa mgeni siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Bibi akifika mtoto akiwa wa wiki moja, ataondoka wakati mama yake ndio kwanza anarudi kazini. Mimi naona bora afike mtoto akikaribia miezi 5. Hapo atamkuta kabla hajaanza kula, atakuwapo anapotimiza miezi 6 na kuonja kijiko cha kwanza, na ataondoka mtoto akishajua kutafuna. Kama mna dada au shoga wa kushika siku za uzazi, bibi mwekeeni kipindi hiki.

Makaratasi nitayapitia haraka. Mwenyeji aandike barua ya mwaliko, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, maana bila hiyo viza haitoki. Isomeni bima hiyo vizuri kama bibi ana kisukari au presha, kwa sababu nyingi hazilipii ugonjwa aliokwenda nao. Dawa zake zibaki kwenye maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari cha Kifaransa, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Halafu kuna jambo linalosahauliwa: mtu anayemlaza mgeni wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya nyumbani kwake Italia anatakiwa kuiarifu polisi au ofisi ya meya kwa maandishi ndani ya saa 48. Hati hiyo wanaiita comunicazione di ospitalità. Na bibi akipitia nchi nyingine ya Schengen, tuseme ameshukia Brussels kwanza, inambidi pia atoe taarifa ya kuwasili kwake kwa polisi wa Italia ndani ya siku 8.

Sasa begi. Nyama usibebe, ya aina yoyote, wala maziwa, siagi au jibini, kwani Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri wa kawaida kuingia navyo na vitaishia kwenye pipa la forodha. Samaki ni habari nyingine. Kanuni zinamruhusu kila msafiri hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yake. Wabichi ni lazima wawe wametolewa matumbo, na waliokaushwa wanakubalika. Kwa mtu wa Rumonge hii ni rehema, kwa sababu ndagala ndio chakula chepesi kubeba kuliko vyote. Wanunue wakati wa giza la mwezi, wavuvi wanapotoka na taa na ndagala wamejaa mwaloni, si wakati wa mbalamwezi ambapo bei inapanda na waliopo ni masalia. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga wa Tanganyika haufai kwa meno ya bibi, sembuse tumbo la mtoto. Wafunge mara tatu kwenye plastiki, la sivyo nguo zako zote zitafika Italia zikinuka samaki.

Mawese nayo yabebe, chupa moja iliyozibwa vizuri, katikati ya begi kubwa. Ila usishangae ukiingia dukani huko na kuona biskuti zimeandikwa kwa fahari "senza olio di palma", yaani hazina mafuta ya mawese. Kwa mtu aliyekulia kwenye michikichi ya Rumonge inauma kidogo. Hofu yao ilipamba moto mwaka 2016, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipoonya juu ya kemikali zinazozuka mafuta yanaposafishwa kiwandani kwa joto la zaidi ya digrii 200. Mafuta mekundu tunayokamua sisi hayapitishwi kwenye joto hilo, na wekundu wake ndio unaoupa mwili vitamini A. Mweleze mkwe wako kwa utulivu. Asiporidhika, mtoto apewe mafuta ya zeituni, nawe upikie maharage yako mawese.

Unga wa muhogo unaweza kuuacha nyumbani, maana utakuta ndugu zake. Kaskazini ya Italia, kuanzia Bergamo hadi Venezia, chakula cha mababu ni polenta: unga wa mahindi unaomiminwa kwenye maji yanayochemka na kusongwa kwa mwiko. Bibi yeyote wa Rumonge akikisogelea chungu hicho atajua la kufanya bila kufundishwa. Na kwenye Ziwa Como kuna jambo litakalomfurahisha zaidi. Wavuvi wa huko huwachukua samaki wadogo wa ziwani, wakawatoa matumbo, wakawatia chumvi, wakawaanika juani na kuwakandamiza kwenye makopo. Huitwa missoltini. Huchomwa juu ya makaa, hunyunyiziwa siki, na huliwa kwa polenta. Ugali na samaki mkavu, kando ya ziwa, chini ya milima! Ukialikwa huko usikatae, ila kumbuka wana chumvi kuliko ndagala wetu.

Tena historia ya polenta ina funzo kwa anayelisha mtoto. Katika karne ya 18 na ya 19 maskini wa kaskazini ya Italia walikula polenta asubuhi, mchana na jioni bila kitoweo cha maana, na maelfu wakaugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inapotea. Mahindi hayakuwa sumu. Tatizo lilikuwa kuyala peke yake. Mtoto anayepewa uji mtupu wa mahindi au muhogo, hata ukiwa mzito na mtamu, anashiba bila kujengeka. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua sana anapofika miezi 6, na uji mtupu hauijazi. Ndiyo maana ndani ya uji kuwe na kitu: maharage yaliyopondwa, yai lililoiva kabisa, samaki, dengu, nyama iliyosagwa.

Waitalia wana utaratibu wao wa kumwanzishia mtoto chakula, na kusema kweli ni mzuri. Wanachemsha kiazi, karoti na zukini kwenye maji bila chumvi. Supu hiyo wanaichanganya na unga laini wa mchele, au wa mahindi na tapioka. Tapioka hiyo ni wanga wa muhogo, kwa hiyo bibi asiseme mjukuu ananyimwa chakula cha kwao. Juu yake wanatia kijiko cha mafuta ya zeituni mabichi, nyama au samaki aliyesagwa, na mara nyingi jibini kidogo la parmigiano. Baadaye huja pastina, tambi ndogo ndogo kama punje, zinazochemshwa hadi zilainike. Hapo unaweza kuongeza vya kwetu: lengalenga ukizipata, au ndagala waliotolewa vichwa, wakaoshwa mara kadhaa, wakakaushwa tena na kusagwa wawe vumbi. Kijiko kidogo cha vumbi hilo kinatosha. Ila mwambie mama mtoto kwanza, naye amwambie daktari wa watoto, kwa sababu kila chakula kipya hutazamwa siku mbili tatu kama kitaleta vipele au kuhara.

Kabla ya miezi 6 ni maziwa peke yake. Si maji, wala uji mwepesi "wa kumzoesha". Najua wengi tulilelewa kwa uji wa miezi mitatu na tukakua, lakini wapo pia ambao hawakukua, na hao hawapo kutusimulia. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, maji yachemshwe na unga utiwe yakingali na joto lisilopungua digrii 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha ipoze chupa chini ya bomba hadi iwe vuguvugu, ndipo umpe.

Sasa yale ya sahani ya bibi yasiyovuka kwenda kwa mtoto. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ncha ya kidole kwa ajili ya kikohozi, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za ugonjwa wa botulisimu ambazo tumbo changa haliwezi kuzizuia. Chumvi ya siku nzima kwa mtoto wa chini ya mwaka isifike gramu moja, na hapo ndipo vyakula vya Italia vinaponasa: parmigiano, zeituni, nyama zilizokaushwa, hata maji ya kuchemshia tambi ya wakubwa hutiwa chumvi. Tambi ya mtoto ichemshwe sufuria yake. Jibini laini lenye ukungu, kama gorgonzola, si lake. Tiramisu si yake pia, kwani ina kahawa, mara nyingi mayai mabichi, na huenda ikawa na divai. Na usikubali kuambiwa kwamba divai iliyomo kwenye mchuzi au wali wa risotto "imeshaungua yote". Moto hupunguza kileo, lakini hauondoi chote.

La kumtafunia mtoto kisha kumtia mdomoni, tuliache. Mate ya mtu mzima hubeba magonjwa na vijidudu vinavyotoboa meno.

Hatari inayonitia hofu kuliko chumvi ni kupaliwa. Nyanya ndogo za mviringo na zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Mozzarella ikatwekatwe ndogo sana, kwa kuwa inavutika na kuziba. Njugu nzima na zeituni zenye kokwa zikae mbali. Ikitokea mtoto wa chini ya mwaka amepaliwa, halii wala hakohoi, usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka mgeuze chali, mkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, kisha urudie. Aliye karibu apige 112, namba ya dharura ya Ulaya nzima. Jifunze hayo na mwanao kwa kutumia mwanasesere kabla hajaenda kazini, na mkubaliane utatamkaje anwani ya nyumba kwa Kiitaliano. Kwenye simu ya dharura anwani ndiyo inayoleta gari.

Tugeukie sahani yako, bibi. Waswahili wengi wa Rumonge ni Waislamu, na Italia nguruwe amejificha mahali ambapo hukumtarajia. Jifunze kuyasoma maneno haya kwenye pakiti na kwenye orodha ya mkahawa: maiale, suino, prosciutto, pancetta, guanciale, speck, lardo, na hasa strutto, ambayo ni mafuta ya nguruwe yanayotiwa kwenye baadhi ya mikate na kwenye mkate bapa wa piadina wa asili. Mchuzi wa nyama wa Bologna kwa kawaida una pancetta. Tortellini za huko hujazwa nyama ya nguruwe. Parmigiano hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama, na wanazuoni hawakubaliani juu yake, kwa hiyo fuata unayemwamini. Miji mikubwa ina mabucha ya halali, na mwanao anayajua.

Yanayobaki ni mengi na ni matamu. Pizza marinara haina jibini wala nyama: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Pasta e fagioli ni tambi na maharage katika bakuli moja, chakula ambacho mtu wa Burundi hahitaji kushawishiwa, ila uliza kwanza kama haikutiwa ngozi ya nguruwe. Samaki wa kuchoma, mchicha wa kukaangwa kwa kitunguu saumu, supu ya mboga ya minestrone. Mwenye kisukari ale tambi isiyolegea sana, al dente kama wapendavyo, maana hupandisha sukari polepole kuliko iliyopikwa ikawa uji. Mwenye presha aiogope chumvi kuliko mafuta.

Nenda mkahawani na mjukuu, usiogope. Kwanza zijue saa zao. Jiko la mchana hufunguliwa karibu saa sita na nusu na kufungwa saa nane na nusu, na la jioni haliwaki kabla ya saa moja na nusu, wakati mjukuu anapaswa kuwa anasinzia. Kwa hiyo mlo wako wa nje ni wa mchana, na siku za kazi ndiyo bora, kwa kuwa mikahawa mingi ina mlo wa bei maalumu kwa wafanyakazi. Mlishe mtoto kwanza, robo saa kabla chakula chako hakijafika. Omba seggiolone, kiti kirefu cha mtoto. Chakula chake ubebe kutoka nyumbani, uombe wakipashe. Waitalia hawakasirikii jambo hilo. Ukiona kwenye hesabu neno coperto, si wizi, ni malipo ya kukalia meza na mkate, nayo hutajwa kwenye orodha. Kahawa isifike mezani mtoto akiwa mapajani. Kikombe ni kidogo, lakini kinaunguza kama kikubwa, na mkono wa mtoto wa miezi saba una kasi usiyoitarajia.

Watu wa meza ya jirani watamsemesha mtoto, watamchekea, pengine watataka kumshika. Waitalia wenyewe wamelelewa na bibi na babu, na tangu sheria ya mwaka 2005 wana sikukuu yao ya mababu na mabibi kila tarehe 2 Oktoba. Huko Parma huenda ukakutana na wazee wanaoijua Burundi kuliko unavyodhani, kwa kuwa wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Xaveri, ambalo makao yake yalianzia mji huo, walifanya kazi kwetu miaka mingi. Waitalia watatu, mapadre wawili wa shirika hilo na mwanamke mlei, waliuawa huko kwetu Buyengero tarehe 30 Septemba 1995. Ukiulizwa unatoka wapi, sema Rumonge bila kusita. Kuna watakaonyamaza kidogo, kisha wakutilie chakula zaidi.

Mambo machache nje ya chakula. Mtoto alale chali, kwenye kitanda chake, bila mto. Kumbeba mgongoni kwa kitenge ni kuzuri hata huko, ila wakati wa baridi mfunike juu ya kitenge, na kiangazi umnyweshe mara kwa mara. Ndani ya gari awe kwenye kiti chake, na kwa mtoto wa chini ya miaka 4 sheria ya Italia tangu Novemba 2019 inataka kiti hicho kiwe na kifaa cha kumkumbusha dereva kwamba mtoto yumo. Matone ya vitamini D ambayo madaktari wa huko huagiza kila siku katika mwaka wa kwanza usiyaone ni anasa. Jua la Milano mwezi wa Desemba si la Rumonge.

Neno la mwisho ni kwako, mwanangu unayemleta mama yako. Usimfanye mtumishi asiyelipwa. Kabla ya tiketi, mwambie wazi saa za kazi yake, nani anapika, mtoto anakula nini na nani ana kauli ya mwisho juu ya hilo. Jaza friji kwa vitu anavyovijua. Mwachie pesa mkononi, si kwenye kabati ambalo atalazimika kuomba afunguliwe. Na kila wiki mpe siku moja asiyoshika mtoto, umpeleke mkahawani aketi, aletewe, ale hadi amalize, wewe ukiwa umembeba mwanao.